Je, Kompyuta Kuukuu Yaweza Kuchukua Michezo ya Leo?



Katika nyumba nyingi za leo pana swala moja lizukalo wakati wa jioni, watoto wamekwisha kurejea, na baba au mama amekaa kitako kupumzika. Kijana huja kwa upole uzidio desturi yake, akamwamkia mzazi wake kwa adabu, kisha akasema: "Kompyuta yetu imezeeka. Michezo ya siku hizi haiiwezi. Yataka nyingine." Mzazi hukitazama kile chombo pembeni, akakiona kingali chawaka, barua zaandikwa na hisabu za duka zafanyika, asijue kama kijana asema kweli au asukumwa na tamaa. Basi huchagua moja katika mawili: ama hukataa kwa ukali, ama hutoa fedha kwa huruma. Na lo lote atakalolichagua, huwa amelichagua gizani.

Makala haya twayaandika ili mzazi asikatae pasipo kujua, na kijana asiombe pasipo hoja. Neno tutakalolishikilia tangu mwanzo hata mwisho ni hili: umri wa kompyuta peke yake si jawabu. Kompyuta si kitu kimoja, bali ni viungo vingi vilivyokaa katika sanduku moja, na kila kiungo kina nguvu zake na uchovu wake. Na michezo nayo si mamoja. Ukisha kuujua mchezo unaotakiwa, na kukijua kiungo kilichoshindwa, ndipo utakapojua kama dawa yake ni ya fedha chache, au ya fedha nyingi, au kama hakuna dawa.

KISA CHA MPWA WANGU

Dada yangu mmoja akaa Mombasa. Ni mjane, naye hupika mahamri na mbaazi akauza asubuhi, na kwa kazi hiyo asomesha mwanawe wa miaka 15. Nyumbani mna kompyuta ya mezani iliyotoka katika ofisi fulani, yenye prosesa ya Intel Core i5-3470 ya mwaka 2012. Kijana aliipeleka katika duka moja mjini, akaambiwa kuwa chombo hicho ni maiti, na kwamba hana budi kununua kipya kwa shilingi 85,000. Mamake alikuwa na akiba iliyokaribia kiasi hicho, lakini akiba ile ilikuwa ni karo ya mwaka ujao.

Kabla ya kumfikishia mamake habari hiyo, kijana alikuwa amekwisha kujaribu hila yake mwenyewe. Alikusanya fedha za mkono wa Idi za miaka miwili, akanunua kadi ya picha iliyokwisha kutumika, GeForce GTX 1060. Kufika nyumbani, akaona kadi yataka waya wa ziada wa umeme, na sanduku la kompyuta halina waya huo. Akairejesha dukani, wakamwambia mali ikitoka hairudi. Ndipo aliponijia, kadi mkononi, macho chini.

"Mjomba," akaniambia, "wamesema kompyuta yetu ni maiti."

"Maiti haiandiki hisabu za mamako kila usiku," nikamjibu. "Niambie kwanza, mwanangu, wataka kucheza mchezo gani?"

Akanyamaza kidogo, kwani tangu aanze kuzunguka madukani hapana aliyemwuliza swala hilo. Kisha akanitajia minne: eFootball, EA Sports FC 24, Grand Theft Auto V, na Indiana Jones and the Great Circle. Tutairudia michezo hiyo minne kila mmoja kwa hukumu yake. Lakini kabla ya hapo hatuna budi kuvijua viungo.

VIUNGO VITANO NA KAZI ZAKE

Cha kwanza ni prosesa, nayo ndiyo ifanyayo hisabu zote: mpira umekwenda wapi, adui amesimama wapi, sauti gani isikike. Prosesa ikiwa dhaifu, mchezo hukatakata hata kama picha zake ni za hali ya chini.

Cha pili ni kadi ya picha. Kazi yake ni kuchora. Mchezo huchora picha nyingi kila sekunde ili macho yaone mwendo. Picha 30 kwa sekunde zavumilika, na 60 ndizo zipendezazo. Kwa picha 60 kadi haina ila sehemu 16 au 17 katika elfu za sekunde moja kuimaliza kila picha. Kompyuta nyingi za ofisi hazina kadi ya picha kabisa; huchorewa na sehemu ndogo iliyo ndani ya prosesa, nayo yatosha kwa barua na video, haitoshi kwa michezo mizito.

Cha tatu ni RAM, ambayo twaweza kuifananisha na meza ya fundi. Meza ikiwa ndogo, fundi hulazimika kila mara kuinuka kwenda stoo kuchukua kifaa na kurudisha kingine. Mwaka 1993 mchezo uitwao Doom uliridhika na megabaiti 4 za RAM. Mwaka 2024 mchezo wa Indiana Jones ulitaka gigabaiti 16, yaani mara 4,096 ya zile.

Cha nne ndiyo hiyo stoo yenyewe, nayo ni diski. Diski za zamani zina sahani izungukayo na mkono usomao juu yake, nazo husoma kiasi cha megabaiti 100 hadi 150 kwa sekunde. Diski za SSD hazina kitu kizungukacho. Hata zile za kawaida ziingiazo katika kompyuta kuukuu husoma kiasi cha megabaiti 500 kwa sekunde. Tofauti hii huonekana na kila mtu, hata asiyecheza mchezo wo wote.

Cha tano ni kile kisanduku cha umeme ambacho mafundi hukiita pawa saplai. Hiki husahauliwa, nacho ndicho kilichompotezea mpwa wangu fedha zake za Idi. Tundu la kadi katika kompyuta hutoa umeme usiozidi wati 75. Kadi ya GTX 1060 yataka wati 120. Zinazobaki hazina budi kuletwa kwa waya kutoka kisanduku cha umeme. Waya usipokuwapo, kadi haina kazi, ijapokuwa ni nzima. Walakini iko kadi ndogo yake, GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, ambayo yatosheka na zile wati 75, na baadhi ya waundaji wameitengeneza fupi ili iingie hata katika masanduku membamba. Laiti kijana angelijua habari hii kabla ya kutoa fedha mfukoni!

HUKUMU YA MICHEZO MINNE

Kila mchezo huuzwa pamoja na maandishi ya kiwango chake: kiwango cha chini kabisa, na kiwango kinachopendekezwa. Maandishi hayo hutolewa bure, na kuyasoma ni kazi ya dakika tano. Basi tulikaa mimi na mpwa wangu tukayasoma, karatasi na kalamu mkononi.

Mchezo wa kwanza, eFootball. Huu ndio uliorithi mahali pa PES mwaka 2021, nao haulipiwi. Ulipotoka, kiwango chake cha chini kilikuwa prosesa ya i5-2300, ambayo ni ndogo kuliko ya kwetu, na RAM ya gigabaiti 8. Kompyuta ya dada yangu ilikuwa na RAM ya gigabaiti 4, diski ya kuzunguka, na haikuwa na kadi. Kwa hivyo hukumu ilikuwa: yaweza, ikitibiwa.

Mchezo wa pili, FC 24, uliotoka mwaka 2023. Kadi iliyoandikwa katika kiwango chake cha chini ni ile ile GTX 1050 Ti. Lakini prosesa iliyoandikwa ni i5-6600K, ya mwaka 2015, na ya kwetu haifiki hapo. Tena mchezo wataka nafasi ya gigabaiti 100 katika diski. Hukumu: kiungo kimoja chakubali, kingine chakataa, na anunuaye katika hali hiyo anunua kwa kubahatisha.

Mchezo wa tatu, Grand Theft Auto V. Hapa mpwa wangu aliruka kwa furaha, kwani toleo la kompyuta la mwaka 2015 limeandika prosesa ya i5-3470, hiyo hiyo iliyomo ndani ya sanduku la mamake, si katika kiwango cha chini bali katika kiwango kinachopendekezwa! Ila tahadhari: mwaka 2025 lilitoka toleo jingine la mchezo huo huo, nalo lataka nguvu zaidi, jina moja, mizigo miwili. Walakini furaha yake haikudumu. Mchezo huu umepewa alama ya umri wa miaka 18 na taasisi ya PEGI ya Ulaya, kwa sababu ya mauaji na mambo ya aibu yaliyomo, na kijana ana miaka 15. Mamake alipoelezwa akasema, "Kompyuta yaweza, lakini nyumba hii haiwezi." Hukumu hiyo hatukuikatia rufani.

Mchezo wa nne, Indiana Jones, uliotoka Desemba 2024. Huu wafuata miale ya nuru mmoja mmoja jinsi iangukavyo na kurudi juu ya vitu, na kazi hiyo yahitaji kadi iliyoundwa kwa ajili yake. Kadi za Nvidia za namna hiyo, ziitwazo RTX, zilianza kutoka mwaka 2018. Kadi iliyotangulia kizazi hicho haiendi polepole tu. Mlango wenyewe umefungwa. Hukumu: haiwezi, na hapana dawa.

Basi tazameni, ndugu zangu. Ni kompyuta moja, nasi tumeiuliza swala moja mara nne, ikatupa majibu manne. Aliyesema "hii ni maiti" hakusema kweli, na anayesema "hii ni nzima, acha tamaa" naye hakusema kweli yote.

MILANGO ILIYOFUNGWA NA MIZIGO MIZITO

Hapa pana tofauti ambayo kila mzazi na kila kijana yampasa aishike. Mzigo mzito waweza kupunguzwa. Mlango uliofungwa haufunguliwi kwa kusukuma.

Mzigo hupunguzwa hivi. Ndani ya kila mchezo mna mahali pa kuchagua ubora wa picha. Picha ya upana wa 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600; ukiishusha ikawa 1280 kwa 720, nukta huwa 921,600, yaani chini ya nusu. Kadi hupumua papo hapo. Vivuli, majani na ukungu navyo vyapunguzwa, na mchezo ukabaki ni ule ule. Tena tangu mwaka 2021 kampuni ya AMD ilitoa hila iitwayo FSR, ambayo huchora picha ndogo kisha ikaikuza kwa ustadi, nayo hufanya kazi hata katika kadi kuukuu za makampuni mengine, maadamu mchezo wenyewe umeikubali.

Ama milango iliyofungwa, ni mingi zaidi kuliko zamani. Wa kwanza ni ule wa miale ya nuru tulioutaja. Wa pili ni amri za prosesa. Baadhi ya michezo ya miaka hii yataka amri ziitwazo AVX2, ambazo Intel ilianza kuzitia katika prosesa zake mwaka 2013. Ya mwaka 2012 haizijui, wala hafundishwi mzee lugha ambayo hakuumbiwa ulimi wake. Wa tatu ni ulinzi dhidi ya wadanganyifu katika michezo ya kushindana: Battlefield 6 ya mwaka 2025, mathalan, haimruhusu mtu ila kompyuta yake iwe na TPM 2.0 na njia salama ya kuwaka.

Wa nne ni Windows yenyewe. Duka la michezo liitwalo Steam liliacha kuzihudumia Windows 7 na 8 tarehe 1 Januari 2024. Microsoft nayo iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kanuni zake huzikataa prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, yaani aghalabu za kabla ya mwisho wa mwaka 2017. Mwenye kompyuta kuukuu na alijue jambo hili, kwani lahusu usalama wa nyumba yote kuliko mchezo. Chombo kisichopata marekebisho hakifai kufanyiwa mambo ya benki.

Tena kiwango cha mchezo chaweza kupanda baada ya kununuliwa. Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 2020 iliridhika na prosesa ya i5-3570K, ndugu wa hii ya kwetu, RAM ya gigabaiti 8, na diski ya kawaida. Mwaka 2023 watengenezaji waliandika upya: prosesa ya i7-6700, RAM gigabaiti 12, na diski ya SSD. Hakuna kompyuta iliyodhoofika katika miaka hiyo. Ni mzigo ulioongezwa.

JINSI YA KUPIMA KABLA YA KUNUNUA

Kijana, usiende dukani mikono mitupu. Nenda na karatasi.

Kwanza, bonyeza kwa pamoja vibonye vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha likuonyeshalo jina la prosesa, kiasi cha RAM, aina ya diski na kadi kama ipo. Yaandike yote.

Pili, fungua mchezo wo wote ulio nao, ucheze dakika kumi, kisha ulitazame tena dirisha hilo. Kiungo kilichofika asilimia 100 ilhali wenziwe wamepumzika, hicho ndicho kilichochoka. Prosesa ikiwa imelemewa, kadi mpya haitakufaa kitu. Na RAM ikiwa imejaa, usiilaumu prosesa.

Tatu, fungua sanduku, umeme ukiwa umezimwa na waya umeng'olewa, ukalisafishe vumbi. Kompyuta ikipata joto hupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue. Wengi wamenunua chombo kipya kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa brashi.

Nne, soma maandishi yaliyobandikwa juu ya kisanduku cha umeme, uone wati zake, na uhesabu nyaya zake. Pima kwa rula urefu wa nafasi ya kadi. Na upande wa RAM, jua ya kwako ni DDR3 au DDR4, kwani mkato wa moja hauingii katika tundu la nyingine.

Tano, fedha ya kwanza uitie katika RAM na SSD, kwani hivyo vitamfaa kila mtu nyumbani hata kama mchezo utakataa. Kadi ya picha na ije baadaye. Na ikiwa mchezo umenunuliwa katika Steam, utaratibu wake waruhusu kurejeshewa fedha ndani ya siku 14, mradi hukucheza saa 2 au zaidi. Basi ujaribu siku ile ile, usiuweke.

Nanyi wenye maduka mnaosoma gazeti hili, kununua na kuuza ni amana. Kijana akija kununua kadi, kumwuliza "kisanduku chako cha umeme kina wati ngapi?" ni swala la kupumua mara moja. Na aibu ya bidhaa ni haki ya mnunuzi kuijua kabla ya kutoa fedha, si baada yake.

MWISHO WA KISA

Tulilifungua sanduku la dada yangu siku ya Jumamosi. Vumbi lililotoka lilimfanya mamake aagize ndoo. Tuliongeza RAM ikawa gigabaiti 8, tukatia SSD, na ile kadi ya GTX 1060 tukampata kijana mwingine mwenye kisanduku cha umeme kiifaacho, akainunua kwa hasara kidogo. Kwa fedha hizo na nyongeza ndogo tulipata GTX 1050 Ti fupi. Gharama yote haikufika robo ya ile 85,000, na karo ikabaki mahali pake.

Sasa eFootball yachezwa humo kwa raha, picha zikiwa za wastani. FC 24 ameiacha. Indiana Jones ameandika jina lake katika daftari, chini ya maneno "nikipata kazi yangu." Na mamake aniambia kuwa hisabu za mahamri, ambazo zilikuwa zachukua kitambo hata kufunguka, sasa hufunguka kabla hajaketi.

Jambo moja laniuma bado. Zile fedha za Idi hazikurudi zote, nayo ilikuwa ni akiba ya mtoto aliyejinyima. Swala moja tu lingaliziokoa, nalo ndilo tunalomwachia kila mzazi na kila kijana alichukue kabla ya kuvuka kizingiti cha duka: ni mchezo gani, na ni kiungo gani?

Wassalaam.